Warumi wa kale na maisha yetu ya leo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila habari za Warumi zikianza, maswali huwa ni yaleyale, basi nimeyakusanya hapa. Penye mengi nimeandika sana, pasipo na mengi nimepita haraka. Watu wakisikia Roma wanawaza magofu na wapiganaji wa panga, ila mimi naona kilichobaki hasa ni utaratibu: jinsi ya kuhesabu siku, kugawa maji, kuandika sheria, kudai haki mbele ya hakimu. Na utaratibu huo haukuja kwetu moja kwa moja, umepita mikono mingi, kanisa, Waarabu, wafanyabiashara, wakoloni, kila mmoja akiongeza na kupunguza chake.

Hao Warumi ni wale wa kwenye Biblia?

Ndo haohao. Kwa hesabu yao wenyewe mwaka 509 KK walimfukuza mfalme wao wa mwisho wakaanza kujitawala kwa baraza na viongozi wa kuchaguliwa, kuanzia 27 KK wakawa chini ya kaisari, na upande wa magharibi dola ikaanguka 476 BK. Ila wengi wanasahau upande wa mashariki, makao yake Constantinople, yaani Istanbul ya leo, huko dola iliendelea mpaka 1453 Sultan Mehmed II alipouteka mji. Muda wote huo watu wa kule walikuwa wanajiita Warumi, na Waarabu waliwaita Rum, ndo maana kwenye Qurani kuna sura ya Ar-Rum. Na kwa pwani yetu hizi habari ni za zamani kuliko shule za mkoloni: Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo, unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, na huyo Herekali ni kaisari Heraclius wa Roma ya mashariki.

Kwa nini inasemwa kalenda tunayotumia ni ya Kirumi?

Kwa sababu ni yao kweli, imerekebishwa kidogo tu. Mwanzoni mwaka wao ulikuwa na siku 355, halafu makuhani wanaongeza mwezi mzima pale wanapoona inafaa, sasa makuhani haohao walikuwa wanasiasa, kwa hiyo rafiki yao akiwa madarakani mwaka unarefushwa, akiwa mpinzani mwaka unabaki mfupi. Ikafika mahali sikukuu ya mavuno inaangukia wakati hakuna anayevuna. Julius Caesar akamtumia Sosigenes, mtaalamu wa nyota wa Alexandria kule Misri, wakaupanga mwaka upya kuwa siku 365 na siku moja ya nyongeza kila baada ya miaka minne. Ili kurudisha kila kitu mahali pake mwaka 46 KK uliongezwa mpaka ukawa na siku 445, hebu fikiria mtu anadaiwa kodi ya pango mwaka huo.

Caesar akauawa 44 KK, na waliobaki wakahesabu vibaya, wakawa wanaweka mwaka mrefu kila baada ya miaka mitatu badala ya minne, mpaka Augustus akaja kusimamisha miaka mirefu kwa muda ili hesabu ikae sawa. Julai na Agosti ni majina ya hao wawili. Bado kulikuwa na kosa dogo la kama dakika 11 kwa mwaka, na dakika hizo kwa karne kumi na kitu zikawa siku kumi nzima, kwa hiyo 1582 Papa Gregory XIII akazifuta: Alhamisi tarehe 4 Oktoba watu wakalala, wakaamka Ijumaa tarehe 15. Uingereza waligoma mpaka 1752.

Makanisa yaliyobaki na hesabu ya Caesar ndo yale yanayosherehekea Krismasi tarehe 7 Januari kwa kalenda yetu. Ethiopia nayo ina miezi yake 13, lakini ile siku yao ya nyongeza kila miaka minne ni utaratibu uliowekwa Misri wakati wa Augustus.

Septemba maana yake saba, mbona ni mwezi wa tisa?

Zamani mwaka wao ulianza Machi. Hesabu kuanzia hapo na Septemba itaangukia ya saba, Desemba ya kumi. Mwanzo wa mwaka ulipohamia Januari majina yalibaki yalivyokuwa.

Na kupumzika Jumapili?

Wakristo walikuwa wanakusanyika siku hiyo tangu mwanzo, ila kuifanya siku ya kufunga ofisi kwa amri ya serikali, hiyo ni sheria ya kaisari Constantine ya mwaka 321. Ilisema mahakimu na watu wa mjini wapumzike, ila wakulima waruhusiwe kwenda shamba kwa sababu hali ya hewa haimsubiri mtu. Mtu wa kijijini anaelewa hapo bila kufafanuliwa.

Ni kweli walikuwa na maji ya bomba?

Walikuwa nayo na hapa ndo mimi huwa nawavulia kofia. Mfereji wa kwanza wa kuleta maji Roma ulijengwa 312 KK na baada ya miaka kama mia tano walikuwa na mifereji 11. Hakuna pampu hata moja, ni mteremko tu. Kule kusini mwa Ufaransa kuna daraja la Pont du Gard, lina urefu wa karibu mita 49 kwenda juu, lilikuwa linavusha maji ya kwenda mji wa Nîmes, na mfereji wote wa karibu kilomita 50 ulikuwa unashuka kama mita 12 na nusu tu. Mita 12 kwenye kilomita 50! Ukikosea kidogo maji yanasimama, ukizidisha yanabomoa kuta, na walipima kwa mbao, kamba na maji.

Ila kujenga ni nusu ya kazi, na hii nusu ya pili ndo ningetaka kila mtu wa mamlaka za maji aisome. Mwaka 97 BK kaisari Nerva alimteua mzee mmoja anaitwa Frontinus, aliyewahi kuwa gavana Uingereza, awe msimamizi wa maji ya Roma. Badala ya kukaa ofisini alikwenda kupima mwenyewe, akakuta kwenye madaftari kumeandikwa kiasi kimoja, kwenye vyanzo kinaingia kingine, na kinachofika mjini ni kidogo sana. Maji yanapotelea wapi? Wenye mashamba njiani wametoboa mfereji wanamwagilia. Mjini kuna mafundi wana mabomba ya siri chini ya barabara, wanawauzia maji wenye maduka. Mtu amepewa kibali cha bomba la saizi fulani, anaunganishiwa kubwa zaidi. Wafanyakazi wa umma, kikosi cha watumwa 700, wanatumwa kufanya kazi za watu binafsi. Frontinus aling'oa mabomba ya wizi, yaliyokuwa ya madini ya risasi, mpaka yakapatikana madini hayo mengi tu chini ya ardhi, akasisitiza kila kipimo cha maji kiwe cha shaba nyeusi chenye muhuri wa serikali, na akaandika yote kwenye kitabu ambacho tunacho mpaka leo. Anayekaa Dar au Nairobi na kuona mabomba yaliyounganishwa kinyemela usiku, na bili zisizolingana na maji, huyo atamwelewa Frontinus ukurasa wa kwanza.

Mfereji wa Aqua Virgo, uliojengwa 19 KK na Agrippa, umekarabatiwa mara nyingi na maji yake ndo yanayotoka chemchemi ya Trevi pale Roma, ile wanayotupia sarafu.

Si mabomba yao ya risasi ndo yaliyowaua?

Hapana, hilo limekuzwa. Wanasayansi walipima mashapo wakakadiria maji ya bomba yalikuwa na risasi mara mia zaidi ya maji ya chemchemi, si kitu kizuri kiafya, lakini hakitoshi kueleza kuanguka kwa dola. Maji yalikuwa yanatiririka muda wote na chokaa ya kwenye maji iliganda ndani ya bomba ikaweka kama ngozi.

Zege lao lina siri gani mpaka limedumu miaka elfu mbili?

Walichanganya chokaa na majivu ya volkano, yale mazuri yalitoka Pozzuoli karibu na Naples, na mchanganyiko huo unashika hata chini ya maji. Ndani ya zege la bandari zao, maji ya bahari yanapopenya yanaotesha madini mapya yanayoziba nafasi, yaani bahari inayokula zege letu ilikuwa inalikaza la kwao. Na mwaka 2023 watafiti wa chuo cha MIT walionyesha kwamba vile vidonge vyeupe vya chokaa vinavyoonekana kwenye zege lao, ambavyo watu walidhani ni fundi kakoroga vibaya, vina kazi: ufa ukitokea maji yanaingia, chokaa inayeyuka, inaganda tena, ufa unajifunga.

Kuba la Pantheon, lililomalizwa wakati wa kaisari Hadrian miaka ya 120 BK, lina upana wa mita 43 na halina nondo hata moja, na mpaka leo ndo kuba kubwa kuliko yote duniani la zege lisilo na nondo. Chini waliweka mawe mazito, juu wakaweka mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, na kileleni wakaacha tundu wazi.

Sasa nenda dukani kaangalie mfuko wa simenti, hasa ile ya kawaida ya 32.5 inayouzwa sana Kenya na Uganda, mingi imeandikwa ni simenti ya pozolana. Ni majivu na mawe ya volkano yamesagwa ndani yake, na jina limetoka Pozzuoli. Kwa nini hatujengi kama wao moja kwa moja? Zege lao linakomaa polepole sana na halibebi uzito kama la leo, ghorofa ishirini huwezi, na mwenye nyumba anataka kuhamia mwezi wa sita. Nondo zetu nazo ndo zinatuponza, zinashika kutu, zinavimba, zinapasua zege kwa ndani.

Upana wa reli ya SGR ulitokana na makalio ya farasi wawili wa Kirumi, kweli?

Hii inazunguka sana na inachekesha lakini si kweli. Milimita 1,435 za reli ya Mombasa hadi Nairobi na ya Dar hadi Dodoma zimetoka kwa George Stephenson na reli za mabehewa ya makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza. Mabehewa yalivutwa na farasi, na gari lolote la farasi litakaribia upana huo, Mrumi awepo asiwepo. Upana huo ulienea sehemu nyingi za dunia kwa sababu Waingereza waliuza vichwa vya treni mapema.

Na barabara je?

Walikuwa na barabara kuu kama kilomita 80,000, zimeinuliwa katikati ili maji yamwagike pembeni kwenye mitaro, mawe ya kuonyesha umbali kando, na vituo vya kubadilisha farasi kwa ajili ya wabeba barua wa serikali. Via Appia ilianza 312 KK na bado unaweza kutembea juu ya mawe yake. Uingereza sehemu kubwa ya barabara ya A5 inapita juu ya njia ya Kirumi. Lakini nisiipambe: mwaka 71 KK, baada ya uasi wa watumwa wa Spartacus kushindwa, watu 6,000 walisulubiwa kandokando ya hiyohiyo Via Appia, kutoka Capua mpaka Roma.

Sheria zetu zina uhusiano gani na Roma?

Inategemea unaishi wapi. Ukiwa Congo, Burundi au Rwanda, wakoloni wa Kibelgiji walileta mfumo wa sheria uliotokana na kitabu cha sheria za kiraia cha Napoleon cha 1804, na hicho mizizi yake ni Roma. Congo mpaka leo mikataba inatawaliwa na dekree, yaani amri ya serikali, ya 1888, kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anayeuza nyumba anatumia mawazo ya wanasheria wa Kirumi kuhusu mauziano, dhamana na deni. Rwanda imeshabadili mengi. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi mfumo wa Kiingereza ambao ulikua kivyake, ila nao umechota kwa Warumi hapa na pale. Afrika Kusini na Zimbabwe ndo zaidi kabisa, wana sheria inayoitwa ya Kirumi na Kiholanzi, na majaji wa kule bado wanaweza kunukuu vitabu vya kaisari Justinian hukumuni.

Huyu Justinian alitawala Constantinople, na kati ya 529 na 534 alikusanya sheria zote. Alimpa kazi Tribonian na wenzake wapitie maandishi ya wanasheria wa zamani, kwa maelezo yao mistari milioni tatu, wakayapunguza mpaka mistari laki moja na nusu kwa miaka mitatu. Magharibi kazi hiyo ilikuja kufufuliwa Bologna, Italia, karne ya 11, wanafunzi wakamiminika kuisoma, na kutoka hapo ikaenea Ulaya yote.

Mle ndani kuna kanuni moja kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai, si wa anayekana. Ukisingiziwa wizi mtaani na mtu anakwambia thibitisha hukuiba, hapo ndo utajua thamani ya hilo neno. Nyingine inasema hewa, maji yanayotiririka, bahari na ufukwe ni vya watu wote kwa asili yake. Wazo hilo limesafiri kupitia mahakama za Uingereza, Marekani na India, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 62, inaiweka ardhi yote kati ya maji kupwa na maji kujaa kuwa ardhi ya umma. Hoteli ikizungusha ukuta mpaka majini, mvuvi ana pa kusimamia.

Na rufaa pia. Paulo alipokaribia kuchapwa viboko Yerusalemu alisema yeye ni raia wa Roma na askari wakaogopa, manake raia hachapwi bila kuhukumiwa. Baadaye akakata rufaa kwa Kaisari na gavana Festo hakuwa na jinsi, ikabidi amsafirishe. Mkoloni alipotutawala alisoma Biblia hiyohiyo na akachapa watu viboko bila kesi, hilo halisahauliki.

Kuna mabaya waliyotuachia?

Yapo, na linaloniuma zaidi ni sheria ya utumwa. Kwa Warumi mtoto wa mama mtumwa anazaliwa mtumwa, hata baba akiwa nani. Mwaka 1662 koloni la Virginia kule Marekani likapitisha sheria yenye kanuni hiyohiyo, kinyume na desturi ya Waingereza ambao mtoto alifuata hadhi ya baba. Mabwana wakawa wanazaa na wanawake wao watumwa na kuwamiliki watoto wao wenyewe. Kwa hiyo ukisifia mahakimu wa Roma kumbuka ni wanasheria haohao waliandika kwa makini kabisa jinsi binadamu anavyoweza kuwa mali.

Seneti ya Kenya ni sawa na ya Roma?

Jina ni lilelile, kazi ni tofauti. Seneti ya Roma haikuchaguliwa na wananchi, walioingia ni waliowahi kushika vyeo, wakakaa maisha yao yote, 300 mwanzoni, baadaye 600. Ya Kenya inatetea kaunti 47 na ina muhula wa miaka mitano. Kinachofanana zaidi na siasa za leo ni woga wao wa mtu mmoja kushika kila kitu: wakuu wa nchi walikuwa wawili kwa mwaka mmoja tu na mmoja anaweza kumzuia mwenzake, na wawakilishi wa watu wa kawaida walikuwa na haki ya kupiga veto, yaani kuzuia uamuzi. Mfumo huo ulivunjika pale majenerali walipoanza kuwa na majeshi yanayowatii wao badala ya nchi.

Kodi, sensa na pensheni navyo ni vyao?

Kuhesabu watu kulikuwepo kwingine kabla yao, ila wao walifanya sensa ya raia kila miaka mitano, kuandika mali ya kila mtu na kumpangia kodi na jeshi. Augustus aliweka kodi ya asilimia 1 kwenye bidhaa za mnadani na, mwaka 6 BK, asilimia 5 kwenye urithi, pesa ikaingia mfuko maalumu wa kulipa askari wanaostaafu. Matajiri walipiga kelele sana.

Walifika Afrika Mashariki?

Jeshi hapana, wafanyabiashara ndio. Karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja wa Misri, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Roma, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa bandari unaoitwa Periplus, na unashuka pwani yetu mpaka bandari ya Rhapta. Anasema kuna pembe za ndovu kwa wingi, pembe za faru, magamba ya kasa, na vinaletwa mikuki, mashoka na vyombo vya kioo. Anasema kuna mitumbwi na vyombo vya mbao vilivyoshonwa kwa kamba, na yeyote aliyewahi kusikia habari za mtepe wa Lamu hapo lazima moyo umdunde. Anasema pia manahodha wa Kiarabu wamezoeana na wenyeji, wameoa kwao na wanajua lugha yao. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba maeneo ya Rufiji akapata shanga za Kirumi, na wengi wanaitafuta Rhapta upande huo. Kwangu hiki ndo kipande kizuri kuliko vyote, kwa sababu kinatuonyesha tulikuwa sokoni, tuna kitu dunia inakitaka.

Na hizi herufi ninazosoma sasa?

Za kwao, walizitoa kwa Waetruria, nao kwa Wagiriki, nao kwa Wafoinike. J, U na W ziliongezwa baadaye na watu wengine. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya wamisionari kama Krapf na Steere kuanza kukiandika kwa za Kirumi, na tenzi nyingi za Lamu na Pate zimetufikia kwa hati ile. Asije mtu akakwambia mababu hawakuandika.

Usafi wao ulikuwa kama unavyosifiwa?

Bafu na vyoo vya umma walikuwa navyo, ila uchunguzi wa mabaki umeonyesha minyoo na chawa hawakupungua. Maji ya bafu hayakubadilishwa mara kwa mara, na sponji za kujifutia vyooni nazo basi tu.

Nikifika Roma nikaone nini kinachofanya kazi mpaka leo?

Anza Pantheon, limekuwa kanisa tangu 609 na misa bado zinasomwa, angalia sakafuni utaona vitundu vya kupitishia maji ya mvua inayoingia kwa juu. Colosseum baadhi ya milango ina namba zake juu ya matao, XXIII hadi LIV, watu walikuwa na tiketi zenye namba ya mlango wa kuingilia. Halafu beba chupa tupu, mitaani kuna vibomba vya maji ya bure kila mahali, ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole maji yanarukia juu kupitia kitundu, unakunywa.